Charles Wheatstone, mtu mwenye alionyesha kwa nini tuna macho mawili

Kijana mwenye amesoma elektrisite kwenye shule ya ufundi, awe wa Bukavu, Kalemie ao Lubumbashi, analijua jina la Wheatstone. Analijua kupitia ile « pont de Wheatstone » ya kupima namna waya inavyozuia umeme kupita, na pengine analikumbuka kwa sababu mtihani wake ulimsumbua. Lakini mpango huo haukuwa wa Wheatstone. Ulibuniwa na Mwingereza mwenzake, Samuel Hunter Christie, mwaka wa 1833. Miaka kumi kisha, Wheatstone alieleza namna ya kuutumia na akataja wazi kwamba ni kazi ya Christie. Watu walisoma maelezo, wakaona yanafaa, wakamsahau Christie.

Kwa kitu chenye kilikuwa chake kweli kweli, mambo yalienda kinyume. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba macho mawili yanatuletea picha mbili zisizofanana, na kwamba tofauti hiyo ndogo ndiyo inatufanya tuone kitu kiko karibu ao kiko mbali. Alitengeneza chombo cha kuhakikisha jambo hilo. Kisha akaishi miaka mingi akiona chombo hicho kikiuzwa dunia nzima chini ya jina la mtu mwingine.

Charles Wheatstone alizaliwa tarehe 6 mwezi wa 2 mwaka wa 1802 huko Barnwood, karibu na mji wa Gloucester, Uingereza. Jamaa yake ilikuwa ya watu wa muziki: waliuza na kutengeneza vyombo vya kupigwa. Akiwa na miaka 14 alipelekwa London kwa baba yake mdogo, mwenye alikuwa na duka la vyombo vya muziki kwenye barabara ya Strand, ili ajifunze kazi. Kazi ya kuuza hakuipenda. Alipenda vitabu. Inasimuliwa kwamba alikusanya pesa kidogo kidogo mpaka akanunua kitabu cha Kifaransa juu ya umeme, juu ya uvumbuzi wa Volta, halafu akalazimika kukusanya tena ili anunue kamusi ya kukisoma. Na wakati alipotaka kujaribu mambo ya kitabu hicho nyumbani na shaba ikakosekana, sarafu za shaba zilizobaki mfukoni ndizo zikawa vipande vya betri.

Mwaka wa 1821, akiwa bado na miaka 19, aliwashangaza watu wa London. Alitundika darini chombo cha nyuzi kwa waya, na chombo hicho kikaanza kutoa muziki bila mkono wa mtu kukigusa. Wageni walizunguka, wakachungulia, wakatafuta mchezaji. Waya ulipita darini na kuungana na vyombo vyenye vilikuwa vikipigwa kwenye chumba cha juu, na sauti ilishuka kupitia kwake. Watu waliona uchawi, yeye aliona fizike. Kijana huyo alikuwa na tabia moja itakayoonekana maisha yake yote: anachukua jambo lenye kila mtu analizoea na kuuliza linafanyika namna gani.

Baba yake mdogo alipokufa mwaka wa 1823, Charles na ndugu yake William wakarithi biashara. Katika duka hilo ndimo ilitoka konsertina, kale ka chombo kadogo ka kuvuta na kusukuma kwa mikono miwili, ndugu wa akordeo yenye wazee wetu waliicheza kwenye rumba ya zamani. Hivyo hata kama Wheatstone asingegusa sayansi nyingine, wanamuziki wangelikumbuka jina lake.

Mwaka wa 1834 alifanywa kuwa profesa wa fizike ya majaribio kwenye King's College ya London, bila kuwa amepita chuo kikuu. Hapo shida ikaonekana. Mtu huyu, mwenye aliongea sana na kwa furaha akiwa na rafiki wawili watatu, alishindwa kabisa kuongea mbele ya watu wengi. Sauti ilishuka, mgongo ukageukia wasikilizaji, masomo yakakatika. Rafiki yake Michael Faraday, mwanasayansi mkubwa na msemaji hodari, mara nyingi ndiye alisimama kueleza uvumbuzi wa Wheatstone mbele ya wakubwa wa London. Aibu hiyo, kwa maoni yetu, ilimgharimu kuliko kosa lolote la hesabu.

Sasa tuje kwenye macho. Tangu zamani wenye elimu walijua kwamba jicho la kuume na la kushoto haziangalii kutoka pahali pamoja. Mgiriki Euclid aliliandika, Galen pia, na Leonardo da Vinci alilalamika kwamba mchoraji, hata awe na ufundi gani, hawezi kuchora kitu kikatoka mbele kama kitu chenyewe kinavyoonekana kwa macho mawili. Lakini wote waliona tofauti hiyo kama matatizo. Swali lao lilikuwa hili: ikiwa macho ni mawili, kwa nini hatuoni dunia mara mbili? Wamoja walijibu kwamba tunatumia jicho moja kwa wakati mmoja na lingine linapumzika. Wengine walisema tunaona kitu kimoja pale tu picha zinapoangukia fasi sawasawa ndani ya macho yote mawili.

Wheatstone aligeuza swali. Kilichomwamsha kilikuwa kitu cha karakana: kisahani cha chuma kilichosuguliwa kwa mashini ya kuzungusha, chenye mikwaruzo midogo ya mviringo. Ukikiangalia karibu na mshumaa mmoja, kwa macho mawili, mstari wa mwangaza unaonekana umesimama, umetoka nje ya chuma kama msumari. Funga jicho moja, mstari unalala juu ya kisahani. Mafundi wengi wa London walikuwa wameona jambo hilo mara elfu na hawakulijali.

Msomaji anaweza kufanya jaribio lake mwenyewe bila chombo. Simamisha kidole gumba mbele ya uso, karibu na pua, na nyuma yake kuwe na ukuta ao mti. Funga jicho la kuume, kisha fungua na ufunge la kushoto. Kidole kinaruka upande na upande. Hakijatikisika, macho ndiyo yako mbalimbali, kati ya sentimeta 6 na 7 kwa mtu mzima wa kawaida. Sasa sogeza kidole mbali, mkono ukiwa umenyooka. Kinaruka tena, lakini kidogo zaidi. Kadiri kitu kinavyoenda mbali, ndivyo picha mbili zinafanana. Mtu wa Goma akitazama mlima Nyiragongo, macho yake yote mawili yanapokea mlima uleule, na kwa mbali namna hiyo macho mawili hayamusaidii kuliko moja. Anajua uko mbali kwa alama zingine: ukungu, udogo wa miti, nyumba zenye zinafunika sehemu ya chini. Lakini kuingiza uzi kwenye sindano ao kumimina mafuta kwenye chupa yenye mdomo mdogo, hapo jicho moja linatapatapa.

Kutoka hapo Wheatstone alifikiri hivi. Mchoraji akichora mlima wa mbali, anaweza kudanganya jicho, kwa sababu mlima wa kweli pia unaleta picha moja kwa macho yote mawili. Akichora kisanduku kilicho karibu, hawezi kudanganya, kwa sababu kisanduku cha kweli kingeleta picha mbili tofauti, na karatasi yake ni moja. Basi, itakuwa namna gani ikiwa kila jicho litapewa karatasi yake, yenye kuchorwa kama vile jicho hilo peke yake lingeona kisanduku?

Chombo alichokitengeneza ni rahisi mno, hata mtu anajiuliza kwa nini hakikupatikana miaka elfu mbele. Vioo viwili bapa vimeunganishwa kwa pembe mraba, kona ikielekea pua ya mtazamaji. Jicho la kuume linaangalia kioo cha kuume, la kushoto kioo cha kushoto. Pembeni, kila upande, kuna ubao wenye mchoro. Kila jicho linaona mchoro wake tu, na kwa sababu ya vioo michoro yote miwili inaonekana kuwa fasi moja, mbele kabisa. Alikiita stereoskopu, jina lililotoka kwenye maneno ya Kigiriki ya kuona vitu vilivyo vigumu, vyenye mwili.

Michoro aliyotumia ilikuwa mistari mitupu: kisanduku, koni, piramidi iliyokatwa kichwa. Hakuweka kivuli wala rangi. Hiyo ilikuwa akili kubwa, sababu mtu asingeweza kusema ni ufundi wa mchoraji ndio umeleta udanganyifu. Ukiangalia mchoro mmoja, ni mistari tu kwenye karatasi. Ukiangalia yote miwili ndani ya vioo, kisanduku kinasimama hewani, unataka kunyoosha mkono ukishike. Kisha alibadilisha michoro, wa kuume ukaenda kushoto na wa kushoto ukaenda kuume: chenye kilitoka mbele kikaingia ndani kama bakuli. Hapo hakuna mtu angeweza kubisha. Umbali haukuwa ndani ya karatasi. Ulitengenezwa kichwani, kutokana na tofauti ya picha mbili.

Tarehe 21 mwezi wa 6 mwaka wa 1838, kazi hiyo ilisomwa mbele ya Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza. Foto ilikuwa bado haijatangazwa kwa watu. Ilitangazwa mwaka wenye kufuata. Ilipotokea, Wheatstone hakuchelewa kuona faida yake na akaomba mafundi wampigie foto mbili mbili za vitu na za watu. Mwaka wa 1840 Royal Society ilimpa medali kwa ajili ya kazi ya macho mawili.

Angeweza kuendelea moja kwa moja, lakini alikuwa na kazi nyingine mikononi. Mwaka wa 1837 yeye na William Fothergill Cooke walipata hati ya telegrafu ya umeme, na mwezi wa 7 mwaka huohuo walituma habari kwa waya kando ya reli, kati ya Euston na Camden Town, London. Kazi ilifaulu, urafiki ulikufa. Cooke alisema yeye ndiye mwenye wazo na mwenye biashara. Wheatstone alisema bila sayansi yake waya ungebaki waya. Mwaka wa 1841 walifikishwa mbele ya waamuzi wawili, nao wakatoa jibu la wazee wa kijiji: kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Hakuna aliyeridhika.

Wakati huo stereoskopu ya vioo ilibaki chombo cha maprofesa. Ilikuwa kubwa, haikubebeka. Ndipo anaingia David Brewster, Mscotland, mtaalamu mkubwa wa mambo ya mwangaza, mwenye umri wa kumzidi Wheatstone kwa miaka zaidi ya ishirini. Brewster alikuwa na kidonda cha zamani: alibuni kaleidoskopu, ikauzwa kwa wingi, lakini watu waliiiga na hati yake haikumletea faida kubwa. Mwaka wa 1849 alitengeneza stereoskopu ndogo, sanduku lenye lensi mbili, linaloshikwa mkononi. Mafundi wa Uingereza hawakulitaka. Alilipeleka Paris, ambako fundi Jules Duboscq alianza kulitengeneza. Mwaka wa 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, malkia Victoria alilipenda. Basi ikawa kama moto wa kiangazi: katika muda mfupi masanduku karibu robo milioni yakauzwa London na Paris. Wazungu wa nyumbani walikaa jioni wakitazama piramidi za Misri na mabarabara ya Paris kama vile wamesimama huko.

Kutengeneza chombo kilicho chepesi ni kazi yenye heshima, na Brewster angeweza kubaki hapo. Hakubaki. Alitaka kuondoa jina la Wheatstone kabisa. Mwaka wa 1856, ndani ya kitabu chake na kwenye barua kwa gazeti The Times, alisema kwamba mwanzilishi alikuwa mwalimu mmoja wa Edinburgh, James Elliot, mwenye alifikiri jambo hilo mwaka wa 1834. Wheatstone, mtu wa aibu, safari hii hakunyamaza. Alijibu kwenye gazeti hilohilo. Alikuwa na shahidi mzuri: kitabu cha daktari Herbert Mayo, kilichotolewa mwaka wa 1833, kilikuwa tayari kimetaja uvumbuzi wake wa macho mawili. Tarehe ni tarehe. Elliot alikuwa amefikiri vizuri, lakini nyuma.

Brewster alitafuta njia nyingine. Katika jumba la picha la mji wa Lille, Ufaransa, kulikuwa na michoro miwili ya Mwitalia Jacopo Chimenti, ya karibu mwaka wa 1600, yenye kuonyesha kijana yuleyule amekaa. Brewster alitangaza kwamba hiyo ni stereoskopu ya zamani, miaka zaidi ya mia mbili mbele ya Wheatstone. Wengine walipima michoro hiyo mstari kwa mstari. Sehemu moja ilitoka mbele, nyingine ikarudi nyuma bila mpango, kama inavyotokea mchoraji akinakili kazi yake bila kupima.

Na tofauti ya wawili hao haikuwa jina tu. Brewster hakukubali kwamba tofauti ya picha mbili ndiyo inaleta umbali. Kwake, macho yanapogeuka ndani na nje kutafuta kila sehemu ya kitu ndiyo kazi yote. Wheatstone alijua macho yanageuka kweli. Mwaka wa 1852 alitoa sehemu ya pili ya utafiti wake, akapima jambo hilo pia, na akaonyesha chombo cha kupindua dunia, pseudoskopu, chenye kinabadilishana picha za macho mawili. Ndani yake, sura ya mtu iliyochongwa inaweza kuingia ndani kama kinyago kilichogeuzwa. Lakini aliyepindua picha hakugusa mwendo wa macho peke yake. Aligusa tofauti, na umbali ukapinduka pamoja nayo.

Karne yenye kufuata ilimpa Wheatstone haki. Mwaka wa 1959 Bela Julesz, akifanya kazi Marekani, alianza kutengeneza kwa kompyuta michoro ya nukta nyeusi na nyeupe zisizo na umbo lolote. Kwa jicho moja hakuna kitu. Kwa macho mawili mraba unaelea mbele ya karatasi. Watafiti wengine, wakichunguza ubongo wa paka, wakakuta seli zenye kuamka pale tu picha za macho mawili zinapotofautiana kwa kiasi fulani.

Faida zilitoka fasi ambazo yeye hakuzifikiria. Mjerumani Heinrich Wilhelm Dove alionyesha kwamba stereoskopu inakamata pesa za bandia: weka noti ya kweli upande mmoja na ya kushukiwa upande mwingine, ikiwa hazikutoka kwenye bamba moja, herufi zingine zinapanda na zingine zinashuka. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Waingereza waliangalia kwa stereoskopu foto zilizopigwa na ndege, mbili mbili, na hivyo waliona makombora ya Wajerumani huko Peenemünde.

Lakini yenye inagusa watu zaidi ni ya Mfaransa Émile Javal. Dada yake alikuwa na makengeza, na Javal akatumia stereoskopu kuzoeza macho yake yaangalie pamoja. Mtu mwenye jicho moja linaangalia pembeni hapokei picha mbili zenye kufaa kuunganishwa, na ubongo, ili usione mara mbili, unaizima picha moja. Baadaye David Hubel na Torsten Wiesel, wenye walipata zawadi ya Nobel mwaka wa 1981, walionyesha kwa wanyama wadogo kwamba jicho lisipotumika mapema, sehemu yake katika ubongo inachukuliwa na jicho lingine, na kuirudisha baadaye ni vigumu. Ndiyo sababu madaktari wa macho wanaomba mtoto mwenye makengeza apelekwe angali mdogo, hata kama hasemi kwamba anaumia. Hawezi kusema: hajawahi kuona namna nyingine.

Wheatstone mwenyewe alioa Emma West mwaka wa 1847, wakazaa watoto watano, na mke akatangulia kufa. Mwaka wa 1854 alibuni namna ya kuandika barua za siri. Rafiki yake Lyon Playfair aliipigia debe kwa wakubwa wa serikali, na jeshi la Uingereza likaja kuitumia. Mpaka leo inaitwa Playfair.

Mwishoni mwa mwezi wa 1 mwaka wa 1868 malkia alimpa cheo cha Sir. Siku chache kisha, tarehe 10 mwezi wa 2, Brewster akafa Scotland akiwa na miaka 86, bila kubadilisha neno. Mwaka huohuo Royal Society ilimpa Wheatstone medali ya Copley, kubwa kuliko zote ilizo nazo.

Tarehe 19 mwezi wa 10 mwaka wa 1875, akiwa Paris kwa kazi ya kuboresha chombo cha kupokea habari za telegrafu kupitia nyaya za chini ya bahari, Wheatstone alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na miaka 73. Mwili wake ulirudishwa London, akazikwa kwenye makaburi ya Kensal Green.